Mgombea Wetu Anasemaje Kuhusu Kutoa Mimba?

Huyu tunayempeleka Dodoma, kwenye suala la kutoa mimba amesimama wapi? Pwani ya Lindi swali hili haliulizwi mbele ya jukwaa. Huulizwa mkutano ukishavunjika, au barazani baada ya Isha, na anayeuliza hupunguza sauti. Wapo wanaouliza kwa sababu ya dini: wanataka uhakika kwamba mbunge wao hatakwenda kuhalalisha kitu wanachoamini ni dhambi. Wapo wanaouliza kwa sababu walishamzika binti au wifi, na waliofika msibani wakaambiwa aliumwa tumbo.

Jibu la haraka ni kwamba mgombea hajasema. Katika majimbo ya Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Mchinga na Lindi Mjini, kampeni huzungumza barabara, maji, bei ya ufuta na korosho, mifugo inayoingia mashambani, na gesi ya Songosongo inayopita karibu na vijiji visivyoona faida yake. Kutoa mimba hakumo. Lakini mgombea aliyenyamaza hajasimama katikati. Sheria ipo tayari, inafanya kazi kila siku, na mbunge asiyesema neno anaiacha iendelee kama ilivyo. Kwa hiyo ili kujua amesimama wapi, inabidi kwanza tujue sheria yenyewe inasimama wapi.

Sheria inasema nini hasa

Sheria inayohusika inaitwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Ndiyo inayotaja makosa ya jinai na adhabu zake, na asili yake ni enzi za utawala wa Mwingereza. Vifungu vitatu vinafuatana. Cha 150 kinamhusu anayemtoa mwanamke mimba: kifungo cha hadi miaka 14. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, akijitoa mimba au akikubali kutolewa: hadi miaka 7. Cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kazi hiyo: hadi miaka 3. Mbele kidogo kuna kifungu cha 219, kinachomhusu anayeua mtoto ambaye angeweza kuzaliwa hai. Mimba ikifika wiki 28, sheria inachukulia kwamba mtoto amefikia hatua hiyo. Adhabu yake ni kifungo cha maisha.

Wengi huishia hapo na kusema kwamba Tanzania kutoa mimba ni marufuku, basi. Sivyo. Kifungu cha 230 kinasema mtu hana kosa la jinai akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa faida ya mgonjwa, au upasuaji unaomgusa mtoto aliye tumboni ili kuokoa maisha ya mama, mradi hali ya mgonjwa na mazingira yote yanaufanya uwe wa busara.

Sasa fikiria daktari kijana aliye zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya. Mbele yake yuko mama mwenye mimba ya miezi minne na moyo uliochoka, na kila dalili inaonyesha kwamba mimba ikiendelea mama hatafika mwisho. Kifungu cha 230 kinamkinga daktari huyu. Lakini hakimwambii mama awe amefika karibu na kifo kiasi gani. Hakisemi kama akili ya mgonjwa nayo ni sehemu ya maisha yake. Hakimtaji kabisa msichana aliyebakwa. Upande mmoja pana miaka 14 iliyoandikwa waziwazi, upande wa pili pana ulinzi ulioandikwa kwa maneno ya jumla. Si ajabu kalamu ikaandika rufaa, yaani karatasi ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa zaidi, na muda ukapita barabarani.

Sheria zetu za jinai zilitoka kwa Waingereza, na wao walikutana na utata huohuo mapema. Mwaka 1938 mjini London, daktari Aleck Bourne alimfanyia upasuaji msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Hakujificha, alitaka kesi ifike mahakamani. Jaji aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba kuokoa maisha si kumzuia mtu asikate roho tu, bali pia kumnusuru asibaki ameharibika kabisa mwili au akili. Bourne akaachiwa. Mwaka 1959, katika kesi iliyotoka Kenya, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaukubali mtazamo huo. Mawakili wetu wanaujua. Muuguzi wa Pande au Njinjo, huku Kilwa, hana sababu ya kuujua, na kumtegemea aujue ni kumwonea.

Ahadi ya mwaka 2007

Mwaka 2003 nchi za Afrika zilikubaliana mjini Maputo juu ya mkataba wa haki za wanawake, unaoitwa Itifaki ya Maputo. Itifaki ni mkataba unaoongezwa juu ya mkataba mwingine. Kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziruhusu mimba itolewe na wataalamu wa afya katika hali chache: mwanamke akibakwa au kuingiliwa kwa nguvu, mimba ikitokana na ndugu wa damu, afya ya mwili au akili ya mama ikiwa hatarini, au maisha ya mama au ya kilicho tumboni yakiwa hatarini.

Kenya na Uganda ziliridhia mwaka 2010, lakini zote mbili ziliandika kwamba hazitafungwa na sehemu hiyo ya kifungu cha 14. Tanzania iliridhia mwaka 2007 na haikuandika kizuizi chochote. Kwenye karatasi za Umoja wa Afrika, basi, tumeahidi zaidi ya jirani zetu.

Kwa nini basi ahadi hiyo haimsaidii msichana wa Somanga, hapa Kilwa? Kwa sababu kwetu mkataba hauwi sheria ya mahakamani kwa kuridhiwa peke yake. Bunge linapaswa kutunga au kurekebisha sheria ya ndani ili iufuate. Kwa kifungu cha 14, Bunge halijafanya hivyo. Kila mbunge aliyeketi Dodoma tangu 2007, wa chama chochote, ameikuta kazi hiyo mezani na kuiacha hapo.

Sisemi kila mbunge analazimika kuunga mkono. Anayeamini ahadi ile ilikuwa kosa ana haki ya kusimama na kuomba nchi ijiondoe, kama Kenya na Uganda zilivyojiwekea kizuizi. Hilo lingekuwa jibu. Kuahidi mbele ya Afrika nzima kisha kumwacha muuguzi na adhabu ya enzi za mkoloni si jibu.

Nani ana mamlaka ya kubadilisha

Marekani mgombea wa bunge la jimbo huulizwa suala hili kila uchaguzi, kwa sababu kule kila jimbo lina bunge na sheria zake za jinai. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliondoa ulinzi wa kikatiba uliokuwepo tangu 1973, na uamuzi ukarudi kwa majimbo. Tangu hapo mtu anaweza kuvuka mpaka wa jimbo akakuta sheria tofauti kabisa.

Kwetu Bara, Kanuni ya Adhabu ni moja kuanzia Kilwa hadi Kigoma, na hubadilishwa na Bunge peke yake. Zanzibar wana Baraza la Wawakilishi na sheria yao ya adhabu, kwani afya na makosa ya jinai ya aina hii si mambo ya Muungano. Baraza hilo limewahi kuonyesha kwamba sheria inayogusa mimba inaweza kubadilishwa: sheria ya 1985 iliyoruhusu mwanamke asiye na mume kufungwa jela kwa kupata mimba ilifutwa mwaka 2005.

Diwani hawezi kugusa Kanuni ya Adhabu. Asikudanganye. Lakini yeye na wenzake katika Halmashauri ya Wilaya ndio wanaopitisha bajeti inayosema zahanati ipi itapata mkunga, kituo kipi kitapata chumba cha upasuaji na gari la wagonjwa litapata mafuta au la. Nitalirudia hili, kwa sababu katika pwani hii wanawake wengi hufa kwa kukosa hayo kabla hata sheria haijaulizwa.

Walichowahi kusema

Kumbukumbu za Bunge zina machache sana juu ya kutoa mimba kwenyewe. Zina mengi juu ya jambo la jirani yake: mwanafunzi aliyepata mimba. Humo ndimo msimamo wa wanasiasa wetu unamosomeka.

Mei 2017 Salma Kikwete, mzaliwa wa Lindi, mwalimu kwa taaluma na mke wa Rais mstaafu, alikuwa mbunge wa kuteuliwa. Bungeni alipinga pendekezo la kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli, akiwa ziarani mkoani Pwani, alisema katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Mwaka 2020 Salma Kikwete alichaguliwa mbunge wa Mchinga, jimbo la pwani kati ya Kilwa na Lindi mjini. Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi.

Namheshimu mbunge aliyesema wazi hata ninapotofautiana naye. Wapiga kura walijua anachoamini. Ila hoja ile ilikuwa na tundu. Msichana aliyejua kwamba mimba ingemfukuza shule moja kwa moja alikuwa na sababu moja zaidi ya kuitafutia dawa ya gizani. Anayechukia kutoa mimba kwa dhati alipaswa kuwa wa kwanza kumfungulia msichana huyo mlango wa darasa. Wanaume, kwa upande wao, tangu 2016 wanakabiliwa na kifungo cha miaka 30 wakimpa mimba mwanafunzi, lakini kila mtu wa pwani anajua ni kesi ngapi huishia ukumbini kwa wazazi, kwa mahari au kwa fedha ya kufuta aibu.

Chama nacho si jibu. Mwaka 2015 majimbo yote mawili ya Kilwa yalikwenda CUF, kwa Selemani Bungara wa Kusini, maarufu Bwege, na Vedasto Ngombale wa Kaskazini. Mwaka 2020 yote mawili yakachukuliwa na CCM. Katika hili la mimba, sheria ilibaki pale pale.

Kwa ufupi hadi hapa

Sheria inakataza, ikiacha nafasi ya kuokoa maisha ya mama. Mkataba tulioridhia unataka nafasi zaidi, ikiwamo ya aliyebakwa, lakini haujaingizwa katika sheria ya ndani. Mwenye mamlaka ya kubadilisha ni Bunge.

Hofu ya msikitini na kanisani

Mgombea wa Kilwa akiulizwa faraghani kwa nini hasemi, atakutajia dini. Hofu yake si ya bure. Pwani hii ni ya Waislamu kwa sehemu kubwa, na hakuna anayetaka jina lake litajwe vibaya baada ya swala ya Ijumaa. Lakini mara nyingi anaogopa kitu ambacho hajakiuliza.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, wametofautiana juu ya siku za mwanzo za mimba, kabla ya roho kupulizwa, jambo ambalo kwa mujibu wa Hadithi hufika siku ya 120. Baada ya hapo wanakubaliana ni haramu, isipokuwa pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Kanisa Katoliki, lenye hospitali yake Nyangao humu humu mkoani Lindi, linakataza kutoa mimba kwa makusudi katika hali zote; hata hivyo linaruhusu kumtibu mama ugonjwa unaomuua, ingawa tiba hiyo inaweza kuipoteza mimba. Shehe na padri hawatakubaliana kila mahali. Lakini ukiwauliza kama mwanamke anayevuja damu atibiwe au aachwe, hutasikia tofauti. Mgombea anaweza kuanzia hapo bila kumkosea yeyote.

Sababu ya pili haisemwi sana. Katika majimbo mengi mchujo wa kweli hufanyika ndani ya chama, kwenye kura za maoni, mbele ya wajumbe. Mjumbe akishampitisha mtu, kampeni ya hadharani hubaki ya kushukuru. Kwa hiyo swali likisubiri mkutano wa mwisho wa Oktoba, limechelewa miezi kadhaa.

Kabla ya mahakama, kuna barabara

Chukua msichana wa miaka 16 wa kijiji cha mbali na lami. Amepewa mizizi na mtu anayemwamini, au vidonge vilivyouzwa bila maelezo, na sasa ana homa na damu haikatiki. Shangazi yake anafanya hesabu: wakienda zahanati, je, muuguzi ataita polisi? Hesabu hiyo ndiyo inayoua.

Ukweli ambao kila mgombea angeweza kuutangaza kesho asubuhi bila kubadilisha sheria hata moja ni huu: huduma baada ya mimba kuharibika ni halali. Ni huduma ya serikali. Hutolewa kwa mwanamke ambaye mimba imetoka, iwe ilitoka yenyewe au ilitolewa: kusafishwa kizazi, kuongezwa damu, kupewa dawa za kuzuia maambukizi, na ushauri wa uzazi wa mpango. Kazi ya muuguzi hapo ni kutibu. Utafiti wa kitaifa uliochunguza mwaka 2013 ulikadiria kwamba mimba 405,000 hivi zilitolewa nchini mwaka huo, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa madhara yake katika vituo vya afya. Wengine wenye madhara hawakufika popote.

Na kufika penyewe ni mtihani. Mgonjwa wa Kilwa Kisiwani huvuka kwanza kwa mashua hadi Kilwa Masoko. Wa Songosongo hungoja bahari imruhusu. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Sokoine, iko Lindi mjini, zaidi ya kilomita 150 kutoka Masoko. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, na magari yakakwama siku kadhaa. Mama mwenye dharura upande usiofaa wa maji yale hakuwa na rufaa yoyote.

Nchi imepiga hatua kubwa. Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi zinaonyesha vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Mpango wa m-mama, unaomtafutia mjamzito usafiri wa dharura kwa simu ya bure namba 115, ni kati ya mambo mazuri kuliko yote serikali iliyoyafanya kwa vijiji. Fursa ya mgombea ni kuhakikisha msichana wa miaka 16 na shangazi yake wanajua kwamba dharura yao nayo ni dharura.

Maswali ya kumuuliza

Usimuulize kama anapenda au anachukia kutoa mimba. Atakujibu kwa hotuba. Muulize anachoweza kufanya kwa mamlaka anayoyaomba:

- Msichana aliyebakwa akapata mimba, unataka sheria ya Tanzania imtaje au iendelee kunyamaza?
- Tuliridhia Itifaki ya Maputo bila kizuizi. Utataka kifungu cha 14 kiingizwe katika sheria, au utaomba nchi ijiondoe?
- Je, uko tayari kutaka Wizara ya Afya iandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ni lini daktari analindwa na kifungu cha 230, na ukurasa huo ubandikwe kila kituo?
- Mwanamke mwenyewe, je, adhabu ya miaka 7 ibaki?
- Kwa diwani: zahanati ya kata yetu ina mtu aliyefundishwa kutoa huduma baada ya mimba kuharibika? Kama hana, lini?

La nne ndilo gumu, na watu wema watalijibu tofauti. Mimi naona adhabu hiyo ndiyo inayomfungia mgonjwa ndani ya nyumba mpaka homa imshinde, na ningetaka iondolewe hata kama makatazo mengine yatabaki. Anayeona vinginevyo anidai hoja, nami nitamdai aniambie shangazi yule afanye nini usiku ule.

Swali la kwanza nalo lina mtego wake. Aliyebakwa hutakiwa kupata fomu ya polisi namba 3, maarufu PF3, ili ushahidi upatikane. Kituo cha polisi kikiwa mbali, siku zinakwenda, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazofaa kutolewa ndani ya saa 72, zinakuwa hazina maana tena, huku zile za kuzuia mimba zikizidi kupungua nguvu. Mgombea akikujibu kwamba hataki msichana huyo afike kwenye kutoa mimba kabisa, mkubalie, kisha mwulize saa 72 hizo atazilindaje katika tarafa ya Pande au ya Njinjo.

Akishachaguliwa, mfuatilie. Mijadala ya Bunge huandikwa neno kwa neno kwa Kiswahili katika Taarifa Rasmi, na mtandao wa Bunge unazo; kijana mwenye simu anaweza kumsomea bibi yake. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na Wizara ya Afya huwa na siku zake ndani yake. Tafuta jina la mbunge wako katika siku hizo. Tafuta pia miswada inayoitwa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, kwa sababu Kanuni ya Adhabu mara nyingi hurekebishwa humo, kifungu kimoja kimoja, katikati ya mambo mengine, wakati wananchi wengi wako shambani kwenye ufuta.